Kidoti Kilichohifadhiwa Mno

Jina la Bi Hifadhi alipewa na fundi wa mashine ya kuchapisha, na halikuwa tusi. Mwanamke yule akigusa picha mara moja, anahifadhi. Akifuta chunusi kwenye shavu la bwana harusi, anahifadhi. Akikohoa, anahifadhi. Vidole viwili vya mkono wake wa kushoto vilikaa juu ya vitufe viwili vya kuhifadhi siku nzima, vikibonyeza hata pale alipokuwa anaongea na mteja juu ya jambo jingine kabisa. Na si kuhifadhi tu. Akishahifadhi aliifunga picha, kisha akaifungua tena, aone kama kweli imehifadhiwa. Mko watu wa namna hiyo, na mnajijua. Mnafunga mlango kwa ufunguo, mnafika njia panda, mnarudi kuutikisa.

Msimlaumu haraka. Kabla ya kuja kwenye duka la picha alikuwa mpiga chapa wa ofisi kwa miaka kumi na moja. Siku moja alichapa ripoti ya kurasa sitini na mbili tangu asubuhi, na alipofika ya sitini na mbili umeme ukakatika. Mkuu wa ofisi alikuja akasimama nyuma ya kiti chake, akatazama kioo cheusi cha kompyuta, akaondoka bila kusema neno. Angemtukana ingekuwa nafuu. Tangu siku hiyo mkono ule haukutulia tena, na kwa barua na ripoti haukumdhuru mtu, kwa kuwa maneno uyahifadhi mara moja au mara elfu, yanabaki yale yale.

Picha ni kitu kingine. Hilo hakuna aliyemwambia, na yeye hakuuliza.

Duka lilikuwa ghorofani, juu ya muuza viatu. Chumba kimoja kirefu: upande wa dirisha printa kubwa ya fundi, katikati rundo la fremu zilizoegemezwa ukutani, na pembeni meza ya Bi Hifadhi yenye kompyuta na skana. Mwenye duka alionekana mwisho wa mwezi tu. Siku nyingine zote walikuwa wao wawili, yeye na fundi, mwanamume mnene, mpole, ambaye alikuwa akitembea kana kwamba sakafu imetoka kupigwa deki.

Ijumaa moja akaja shangazi yake Bi Hifadhi, na bahasha kwapani.

Baba yake Bi Hifadhi alikuwa na dada wawili pacha, waliofanana hata yeye mwenyewe, ndugu yao wa tumbo moja, alikuwa akiwaita kwa kubahatisha. Tofauti ilikuwa moja tu. Mkubwa alikuwa na kidoti cheusi chini ya jicho, kisichozidi kichwa cha pini. Mdogo hakuwa nacho. Mkubwa alimtangulia mdogo kuzaliwa kwa dakika ishirini, na mwaka juzi akamtangulia tena. Aliyekuja dukani ni yule mdogo.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba, mwanangu. Kaa chini, unanizungusha kichwa.” Akaitoa picha kwenye bahasha kwa ncha za vidole. “Hii ndiyo picha yake ya peke yake. Moja tu. Nyingine zote tuko wawili, na wajukuu nikiwauliza bibi yenu aliyeondoka ni yupi, wananionyesha mimi. Siku hii nilikuwa na homa, ndiyo maana simo.”

Bi Hifadhi akaipokea. Msichana wa miaka ishirini hivi, gauni la shingo ya duara, pazia jeupe nyuma yake. Uso ulikuwa na ukungu, kama kioo kilichopumuliwa, lakini kidoti kilionekana.

“Na hili doa la usoni?”

“Unyevu,” shangazi akajibu upesi. “Nyumba ina unyevu.” Kisha akashusha sauti. “Unajua watu wananiambia nini tangu azikwe? Wananiambia, ukiwepo wewe ni kama yupo. Wanadhani wananifariji. Nimechoka. Mimi si yeye. Nataka akae ukutani, mkubwa, mtu akiingia aone kwamba huyu ni yule, na mimi ni huyu. Asiniulize. Utaniwezea?”

“Nitakuwezea, shangazi. Alhamisi saa kumi.”

Hapo ndipo balaa lilipoanza, na lilianza kwa upole. Bi Hifadhi aliilaza picha kifudifudi kwenye kioo cha skana. Karatasi ilikuwa na majimaji ambayo jicho halikuyaona, na taa ya skana ina joto. Picha ilipokwisha kuingia kwenye kompyuta, akainua karatasi, na nusu ya uso ikabaki kwenye kioo, vipandevipande. Akaubandua kwa wembe ukatoka unga. Akaukusanya unga ule na karatasi yake, akavitia kwenye bahasha, bahasha akaitia kwenye droo, wala hakumpigia shangazi simu. Alijiambia si neno, picha imo ndani, tena imeingia nzima.

Na kweli ilikuwa imeingia nzima. Ila faili lilikuwa zito. Fundi alikuwa amempangia skana itoe aina nzito, ile inayobeba kila kitu bila kuacha hata unywele, na faili la namna hiyo lilichukua nusu dakika kufunguka. Kwako wewe nusu dakika ni funda la chai. Kwa mtu anayefunga na kufungua kila baada ya kugusa, ni mateso. Kufikia Jumamosi saa tano Bi Hifadhi alikuwa ameshasimama na kuketi mara ishirini, akingoja. Basi akaihifadhi upya kwa aina nyepesi, ile ya JPG inayotumwa kwenye simu. Kisanduku kikajitokeza kikimuuliza anataka ubora kiasi gani, na mshale wake umekaa katikati, pale fundi alipouweka ili picha za wateja zisafiri haraka. Hakukisoma. Alikubali tu, kama tunavyokubali masharti yote ya dunia hii. Picha ikafunguka kufumba na kufumbua, naye akafurahi. Kisha, asije akachanganya mafaili mawili yenye jina moja, akalifuta lile zito. Kapu la takataka la kompyuta nalo hakuliacha. Alilimwaga.

Siku nne akafanya kazi. Akaondoa ukungu kidogo kidogo, akahifadhi, akafunga, akafungua. Akaziba mkwaruzo wa pazia, akahifadhi, akafunga, akafungua. Fundi alikuwa amemfundisha mbinu moja nzuri, kwamba uso ukiutazama mno unauzoea na huoni kasoro zake, hivyo uigeuze picha, kushoto iwe kulia, uione kama ngeni. Bi Hifadhi akaipenda mbinu hiyo kupita kiasi. Aliigeuza asubuhi, akaigeuza baada ya chai, akaigeuza kila roho ilipomruka. Na kila alipoigeuza alihifadhi.

Alhamisi saa tatu fundi akaichukua picha aikuze kwa karatasi kubwa. Akainama mpaka pua ikakaribia skrini.

“Bi Hifadhi. Hebu njoo.”

Akaenda.

“Mbona huyu mama ana uso wa vigae?”

Kweli. Mbali alikuwa msichana mzuri. Karibu, mashavu yalikuwa viraka vya mraba, kimoja kimepakana na kingine, na ukingo wa nywele umemeguka. Bi Hifadhi hakujali mashavu. Alitafuta chini ya jicho la huku, akatafuta chini ya jicho la kule. Palikuwa na kiraka cha rangi ya ngozi, safi, kimetulia. Kidoti hakikuwepo.

“Umeihifadhi mara ngapi hii?”

“Sijui. Mara nyingi.”

“Na kuifunga na kuifungua?”

“Kila mara.”

Fundi akapangusa uso kwa kiganja. “Dada yangu. Aina hii nyepesi, kila ukiihifadhi upya inatupa kidogo. Ndivyo inavyopata kuwa nyepesi. Inatupa vile inavyoona havina maana.”

“Havina maana kwa nani?”

Fundi akageukia skrini. “Usihangaike. Lete ile nzito tuanze upya, mpaka saa kumi tutakuwa tumefika mahali.”

Bi Hifadhi akatazama dirishani.

“Usiniambie,” fundi akasema.

“Nimeifuta.”

“Kwenye kapu basi.”

“Kapu nimelimwaga.”

Yule mwanamume mnene akaketi juu ya boksi la karatasi, na boksi likalia.

Kuanzia hapo Bi Hifadhi hakuwa na pa kusimama. Alifungua kila folda na kila flashi iliyokuwa kwenye droo, zikiwemo mbili zilizokwisha kuvunjika. Akamwaga ile bahasha juu ya karatasi nyeupe, akautazama unga kwa kioo cha kukuzia, kipande baada ya kipande, akapata kona ya mdomo na uzi wa pazia. Akashuka ngazi mpaka kwa muuza viatu, akasahau alilolifuata, akapanda. Chai ikapoa mbele yake ikatanda utando. Fundi akaweka programu ya kufufua mafaili, ikakoroma dakika arobaini, ikaleta bwana harusi wa mwezi jana, cheti cha mtu, na nusu ya keki.

“Lile faili halipo,” fundi akasema kwa huruma. “Mahali lilipokuwa umeshahifadhi vitu vingine juu yake.”

“Mimi ndiye niliyemfuta, sivyo?”

“Sikusema hivyo.”

“Lakini ndivyo.”

Saa saba wakakubaliana la kufanya. Fundi akavilainisha vile viraka kwa subira mpaka uso ukakaa, laini kuliko uso wa mtu aliyewahi kuishi, lakini uso. Kilichobaki ni kidoti. Kukichora ni kazi ya sekunde mbili. Swali lilikuwa kikae wapi. Bi Hifadhi akafumba macho amkumbuke shangazi mkubwa, akaona kidoti upande huu. Akafumba tena, akakiona upande ule. Siku nne za kugeuza picha zilikuwa zimemtia vidoti viwili kichwani, na kila kimoja kikiapa kwamba ndicho. Gauni lilikuwa la shingo ya duara, halina kifungo wala mfuko wa kumwambia upi ni upande wa kweli. Wala hakujua tena kama picha iliyo mbele yake imegeuzwa au haijageuzwa. Kumuuliza shangazi? Angemwambiaje?

Akampigia baba yake.

“Baba, kidoti cha shangazi mkubwa kilikuwa chini ya jicho lipi?”

“La kushoto.”

“Kushoto kwake, au kushoto kwako ukiwa unamtazama?”

“Mwanangu, kushoto ni kushoto.”

“Baba, tafadhali.”

“Mimi nimemtazama dada yangu miaka sitini, unataka kunifundisha kushoto?” Akakata simu, kwa kuwa habari ilikuwa imeanza kwenye redio.

Bi Hifadhi akaamua kushoto ni jicho la kushoto la shangazi mkubwa mwenyewe. Akachora kidoti. Akahifadhi, vidole havikumngoja. Akafunga. Akafungua. Fundi akamtazama, akachapisha. Wino ulikuwa haujakauka vizuri waliposikia kandambili za shangazi kwenye ngazi. Saa kumi kasorobo. Wazee huja mapema pale tu usipotaka.

Shangazi akasalimiwa, akapewa kiti, akavaa miwani. Fundi akamfunulia karatasi kubwa mezani, kisha akarudi kwa mashine yake akajifanya anatafuta kitu. Bi Hifadhi alisimama, akaketi, akasimama.

Shangazi alitazama kwa muda mrefu. Kisha akaanza kucheka. Alicheka taratibu kwanza, mabega yakitikisika, halafu akacheka kwa sauti mpaka akavua miwani.

“Huyu ni mimi,” akasema.

“Shangazi, hapana. Ni yeye. Tazama kidoti.”

“Hicho kidoti ndicho kinachosema ni mimi.” Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. “Dada yangu alikuwa anaogopa kuimba mbele ya watu. Shuleni zamu yake ikifika anatetemeka mpaka meno. Basi mimi najichora kidoti kwa wino, naenda kuimba badala yake, narudi nafuta, na zamu yangu ikifika naimba tena. Mwalimu hakutugundua hata siku moja. Aliyetugundua ni mama. Kwa sababu mimi nilikuwa najichora mbele ya kioo, naona kama ninavyomwona yeye, kumbe kioo kinageuza. Chake kilikuwa jicho la kulia. Changu kikawa la kushoto. Mama alitucheka wiki nzima.”

Akaweka kidole karibu na karatasi, bila kuigusa.

“Pale pale nilipokuwa nikijichora. Huyu hapa si yeye, mwanangu. Huyu ni mimi ninayejifanya yeye.” Na kicheko kikamwisha usoni. “Nimekuja kumchukua dada yangu, umenipa mimi. Hata wewe.”

Bi Hifadhi akaketi, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akabaki ameketi. Akasema yote. Karatasi iliyonata, bahasha ya unga, faili zito, kapu, na kuhifadhi, kuhifadhi, kuhifadhi. Hakujitetea kwa umeme wala kwa ripoti. Alisema, “Nilikuwa naogopa asipotee, shangazi. Kila nilipoogopa nikamgusa, na kila nilipomgusa akapungua. Nisamehe.” Kisha akalia, vibaya, na kamasi, mbele ya fundi.

Alingoja atukanwe. Alitamani kutukanwa. Shangazi alikuwa anageuza miwani mapajani.

“Haikuwa unyevu,” akasema mwishowe.

“Nini?”

“Lile doa. Nyumba yangu haina unyevu, nyumba yangu ni kavu. Kilikuwa kidole changu.” Akakiinua kidole gumba, akakitazama kana kwamba ni cha mtu mwingine. “Kila asubuhi nikiamka namtoa chini ya mto, nampangusa uso nimwone vizuri. Nalamba kidole, nampangusa. Anafifia. Akififia naogopa, nampangusa zaidi. Asubuhi ile nilipokuletea nilishampangusa mara tatu kabla ya chai, ndiyo maana alikunatia. Hicho kidoti chenyewe nilikuwa sikioni tena sawasawa. Nilidhani ni macho yangu.”

Chini, muuza viatu alikuwa akipiga kisigino misumari, ta, ta, ta.

“Tulikuwa tunamla wote wawili,” shangazi akasema. “Haya, futa kamasi. Fungua hiyo mashine.”

Bi Hifadhi akafungua. Akakifuta kidoti cha uongo. Shangazi akavuta kiti karibu mpaka magoti yakagusana, akanyoosha kidole kwenye skrini.

“Hapa. Shusha. Hapana, utaingia puani. Rudi. Rudi kidogo. Hapo.”

“Hapa?”

“Hapo. Kipunguze.”

“Hakitaonekana, shangazi.”

“Kilikuwa hakionekani. Ilibidi umkaribie. Na hakikuwa duara, upande huu kilichongoka kidogo, kama mtu aliyeinua kalamu haraka.”

Bi Hifadhi akakichongoa. Mkono wa kulia ulikuwa umetulia kabisa. Wa kushoto ulikuwa juu ya vitufe, tayari kubonyeza, na shangazi aliuona. Aliweka kiganja chake juu yake, akaufunika, akauacha pale.

Wakamtazama msichana wa gauni la shingo ya duara.

“Hakuwa laini hivi,” shangazi akasema. “Alikuwa na kikunjo hapa, cha kununa. Nacho kimekwenda.” Akapumua. “Lakini ni yeye. Salama, dada.”

Fundi alikuwa amekuja kusimama nyuma yao, bila kishindo. “Sasa,” akanong'ona, kama aliye chumba cha mgonjwa, “usibonyeze ulivyozoea. Nenda ‘Hifadhi kama’. Chagua ile nzito. Mpe jina lake. Mara moja.”

Shangazi akatoa kiganja. Bi Hifadhi akachagua ile nzito, akaandika jina, akahifadhi. Mstari ukajaa polepole kutoka mwanzo hadi mwisho, nusu dakika nzima, naye akaungoja bila kuinuka. Akafunga. Hapo vidole vikamwasha, vikamwasha kwelikweli. Faili lilikuwa mbele yake, angelifungua tu aone, mara moja, hangebadilisha chochote.

“Usimguse,” shangazi akasema, bila kumtazama.

Akaiweka mikono mapajani.

Karatasi ya pili ilipotoka, fundi akaipepea ikauke, akachagua fremu nyeusi iliyo pana. “Mama, tuweke kioo au plastiki? Plastiki ni nyepesi kubeba.”

“Weka kioo. Kile kinene.”

“Sawa. Na nyuma naweka hivi vishikizo vya kugeuza, ukitaka kufungua unafungua kwa mkono tu.”

“Usiweke. Pigilia misumari.”

“Misumari? Na siku ukitaka kumtoa?”

“Ndiyo maana nasema misumari,” shangazi akajibu.

Bi Hifadhi akainuka, akashuka ngazi kwenda kuiomba kwa muuza viatu.